Hofu ya Mzazi Hujibiwa kwa Huduma: Binti Zetu na Safari ya Soka la Kulipwa

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha Maafisa Elimu Kata, walimu wa michezo na wawakilishi wa wazazi wa Muleba, pamoja na wageni kutoka Bukoba.



Nimeombwa kuzungumzia nafasi ya mtoto wa kike katika mpira wa miguu. Mimi si mwalimu wa michezo, wala sikuwahi kuwa mchezaji wa kutajwa. Kazi yangu ni kalamu na kamera. Kwa hiyo naomba nianze na picha moja.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda katika kata moja ya wilaya yetu kupiga picha za michezo ya shule za sekondari kwa ajili ya jarida hili. Uwanja ulikuwa umeinamia upande wa migomba, na kila mpira uliotoka nje ulifuatwa bondeni. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mshambuliaji, alifunga mabao matatu siku ile. Bao la tatu nililinasa vizuri, mguu wake ukiwa bado hewani na kipa akiwa ameshapotea upande wa pili. Nilipokuwa naandika jina lake, mama yake alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, picha hiyo mtaiweka wapi?" Nikamweleza kwamba itatoka kwenye jarida la Halmashauri na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Akasema, "Nakuomba usiitoe. Baba yake akiiona, mpira umekwisha."

Sikuitoa. Toleo lile lilitoka na picha ya wavulana.

Ndugu zangu, simlaumu baba yule. Mzazi hukataza jambo ambalo haoni mwisho wake. Tukikaa naye tukamsikiliza, atatuuliza maswali matatu ya haki kabisa: mpira huu utamfikisha wapi binti yangu? Masomo yake yatakuwaje? Na anapokuwa mbali na nyumbani, nani anamlinda? Mada yangu leo ni kujaribu kuyajibu maswali hayo, na kuonesha kwamba majibu mawili kati ya matatu yako mikononi mwetu tulio katika chumba hiki.

Swali la kwanza ni la mwisho wa safari. Nitalijibu kwa mfano wa Mtanzania mwenzetu, Aisha Masaka, ambaye ni mshambuliaji. Kabla ya kujulikana kimataifa, Aisha aliichezea Alliance Girls ya Mwanza, timu iliyolelewa ndani ya shule za Alliance. Mwanza si mbali nasi. Anayepanda meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu usiku pale Bukoba, ikapitia Kemondo, huamkia Mwanza. Maji anayoyaona asubuhi ni ya ziwa lile lile linalopiga katika fukwe za Muleba.

Kutoka Alliance Girls, Aisha alikwenda Yanga Princess ya Dar es Salaam. Alikuwa miongoni mwa washambuliaji wa timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17 ambayo, Novemba 2020, ilikwenda Afrika Kusini kama timu mwalikwa na kutwaa kombe la COSAFA kwa kuishinda Zambia kwa mikwaju ya penalti. Mwanzoni mwa mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 18, alisajiliwa na BK Häcken ya Gothenburg, Sweden, klabu ambayo katika msimu wa 2023/24 ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa wanawake. Agosti 2024 alitia saini mkataba na Brighton & Hove Albion, akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya ligi kuu ya wanawake ya Uingereza.

Tazameni hatua hizo: timu ya shule, klabu ya ligi kuu ya nchini, timu ya taifa ya vijana, kisha nje. Hakuna hatua iliyorukwa. Wala si Aisha peke yake. Opah Clement alitoka Simba Queens akacheza Uturuki, China na Mexico. Clara Luvanga, aliyepitia Yanga Princess na kisha Hispania, anaichezea timu ya wanawake ya Al Nassr ya Saudi Arabia, klabu ile ile ambayo vijana wetu wanaitaja kila siku kwa sababu ya Cristiano Ronaldo. Oktoba 2022, Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India, wakaifunga Ufaransa mabao 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakafika robo fainali. Na Julai 2025 Twiga Stars walirudi katika fainali za Mataifa ya Afrika, nchini Morocco, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2010. Bao walilowafunga Afrika Kusini katika sare ya 1-1 lilikuwa la Opah.

Ligi Kuu ya Wanawake iliyowalea wachezaji hawa ilianza msimu wa 2016/17. Msichana aliyekuwa na kipaji Muleba kabla ya hapo hakuwa na pa kukipeleka. Wa leo anapo. Hili baba yule anapaswa kulisikia, na ni wajibu wa ofisi yangu kumfikishia.

Swali la pili ni la masomo. Hapa nitavuka mpaka wa Mutukula niingie kwa majirani zetu wa Uganda. Sandra Nabweteme, naye mshambuliaji, alisoma sekondari nchini mwao. Kutoka hapo alikwenda Marekani katika chuo kikuu cha Southwestern Oklahoma State, akawa anasoma na kucheza kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 alisajiliwa na Þór/KA ya Iceland. Mpira ulimpeleka chuo kikuu, na chuo kikuu kikampeleka kwenye soka la kulipwa.

Nasema haya kwa sababu ya ukweli mmoja ambao hatupaswi kuwaficha wazazi. Wengi wa binti zetu hawatafika Ulaya. Goti likiumia, safari inaweza kukoma siku moja. Aliyeshika kalamu na mpira pamoja atabaki na kalamu, na aliyeuacha mlango wa darasa wazi ataurudia. Kwa hiyo mwalimu wa michezo anayemtoa mtoto darasani kila wiki kwa mazoezi anampa baba yule sababu ya kukataa. Mazoezi yawe baada ya vipindi, na anayeshuka katika masomo asaidiwe kwanza kabla ya kusafiri na timu. Vilevile nyumbani: kaka akirudi shuleni huenda uwanjani, dada akirudi huenda kisimani, kisha jikoni, kisha kuni. Tunaposema wasichana hawana mwamko wa michezo, tuhesabu kwanza saa walizobakiwa nazo kabla jua halijazama.

Swali la tatu ni la ulinzi, na ndilo zito kuliko yote. Tusimcheke mzazi anayeogopa. Timu ya wasichana inaposafiri kwenda mashindano ya wilaya au mkoa bila mwalimu wa kike, inapolala mahali pasipo na choo wala mlango unaofungwa, au inaporudi usiku juu ya lori la mizigo, hofu yake ina msingi. Kwa wenzetu wa visiwani, Bumbire na Goziba, safari huanzia kwenye mtumbwi, na boya la kujiokolea si anasa. Mwalimu wa kike katika kila msafara, usafiri wa mchana na mahali salama pa kulala ni huduma. Mzazi akiziona, hahitaji hotuba yangu.

Katika ulinzi huo naongeza tahadhari moja. Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, zinakataza kwa ujumla mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti maalumu machache. Aisha aliondoka akiwa tayari na miaka 18. Mtu yeyote akifika kijijini akasema anampeleka binti wa miaka 15 kucheza Ulaya au Uarabuni, akaomba fedha ya hati ya kusafiria au akataka binti akabidhiwe kwake, mzazi asimkubalie. Aende kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa Afisa Michezo wa Wilaya, au polisi. Mpira wa kweli una mkataba, una klabu, na unapitia shirikisho la nchi.

Tukija kwenye nyaraka, nyumba nyingi zetu zina mtoto aliyezaliwa nyumbani, akabatizwa au akapewa jina kwa dua, lakini hana cheti cha kuzaliwa. Siku atakapohitaji hati ya kusafiria, kipaji chake hakitasaidia kitu bila cheti kile. Msisubiri barua ya kuitwa timu ya taifa. Nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mlango wa usajili wa vizazi, mapema.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kikao hiki kiondoke na mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila shule ya sekondari iwe na daftari la wachezaji wasichana, lenye tarehe ya kuzaliwa, namba ya cheti, na miaka waliyocheza. Pili, kila shule yenye uwanja mmoja igawe siku, ili wasichana nao wawe na siku zao badala ya kungoja wavulana wachoke. Tatu, pasiwe na msafara wa wasichana unaotoka bila mwalimu wa kike. Nne, kila robo mwaka wazazi waalikwe kutazama mechi ya binti zao, baba akitajwa kwa jina katika mwaliko. Na wenzetu wa Bukoba, mlio karibu na Kaitaba na nyasi zake bandia, tunaomba mechi ya fainali ya wasichana siku moja ichezwe pale, ili mtoto wa kata ya mbali ajue anapoelekea.

Kwa upande wa ofisi yangu, naahidi kwamba kila toleo la jarida hili litakuwa na habari ya michezo ya wasichana, na picha itatolewa kwa ridhaa ya mchezaji na mzazi wake.

Ile picha ninayo bado, katika kompyuta ya ofisi. Nimeambiwa binti yule yuko kidato cha nne sasa, na kwamba anacheza siku ambazo baba yake yuko safarini. Nimemwomba mwalimu wake amwalike mzee yule katika mechi ijayo. Nitakuwepo na kamera yangu, lakini sitaitoa mfukoni kabla sijakwenda kumsalimu na kuzungumza naye.