Harufu ya Petroli Unapowasha Motokaa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Karani wetu ameniomba niseme machache juu ya jambo ambalo madereva wamelileta mezani mara nyingi. Dereva anafika kazini asubuhi, anawasha motokaa, na mara harufu ya petroli inampanda puani. Baada ya dakika tano harufu imekwisha, naye anakwenda zake. Kesho yake ni vile vile. Akimwambia mkubwa wake anajibiwa, "Motokaa si inatembea? Wataka nini tena?"

Mimi si mwalimu wa ufundi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na mengine nimeyapata kwa spana na tambara. Lakini shauri hili nimelishika mikononi mara nyingi, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Sisi watu wa reli tuna ugonjwa mmoja: tumezoea dizeli. Dizeli ikimwagika karakana nzima tunaikanyaga, tunatupa mchanga juu yake, tunaendelea na kazi. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la digrii 50 na zaidi. Petroli siyo ndugu yake. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna mtu hapa aliyewahi kuiona. Hewa ikichanganyika na mvuke huo sehemu moja na nusu tu katika 100, cheche moja yatosha. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa chini, unaingia katika shimo la mafundi na kukaa humo ukingoja. Huenda motokaa inavuja hapa, na jiko la makaa la mama wa chai liko kule chini ya uwanja, na moto ukaanzia kwa mama yule. Wale wanaokumbuka Sachangwan, mwezi wa Januari 2009, lori la petroli lilipoanguka na watu zaidi ya 100 wakafa kwa moto, hawahitaji niwaeleze zaidi.

Basi harufu ikikujia, usikimbilie kufungua fungua vitu. Jiulize maneno mawili: inatoka wapi, na inakuja wakati gani? Fundi anayeanza kubadilisha vyombo kabla ya kujibu maneno haya anakula fedha yako bure.

Kuna harufu ambayo si ugonjwa. Injini baridi haiwezi kugeuza petroli yote kuwa mvuke, kwa hiyo wakati wa kuwasha hupewa petroli nyingi kuliko kawaida, na nyingine hutoka bila kuungua. Kile chombo cha kusafisha moshi kilicho chini ya magari ya siku hizi nacho hakifanyi kazi mpaka kipate moto sana. Ukisikia harufu kidogo nyuma, kwenye bomba la moshi, kwa dakika moja au mbili, na injini inanguruma vizuri, usisumbuke. Motokaa iliyolala Timboroa itanuka zaidi ya ile iliyolala Mombasa, na hakuna aliyekosa.

Wenye magari ya zamani yenye kabureta wanajua choki. Choki ikikwama imefungwa, au dereva akipiga piga pedali mara kumi kabla ya kuwasha, injini inazama katika petroli na plagi zinalowa. Hapo acha choki, kanyaga pedali mpaka chini uishikilie pale bila kuipiga piga, halafu zungusha stata kwa sekunde chache. Hewa itaingia kwa wingi na kukausha. Lakini ikiwa harufu inarudi kila siku ingawa hukugusa choki, tazama kile kiboya ndani ya kabureta. Kikitoboka kinazama, na ile sindano ya kufunga petroli haifungi tena, petroli inamwagika juu ya injini yenyewe. Hiyo si ya kungojea mwisho wa mwezi.

Sasa nifike kwenye magari mengi tunayoyaendesha, yale yasiyo na kabureta bali yana noseli za kurusha petroli. Hapa ndipo watu wanapodanganyika sana, na hapa nataka mnisikilize.

Katika magari haya pampu imo ndani ya tangi. Ukifungua swichi mpaka taa ziwake, hata kabla ya stata kuzunguka, katika magari mengi pampu hufanya kazi sekunde mbili hivi na kujaza bomba kwa nguvu ya pauni 40 au zaidi katika kila inchi ya mraba. Bomba lililokaa usiku kucha linapata nguvu ghafula. Kama kuna mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, au ile pete ya mpira kwenye noseli imekauka kama ganda, petroli inachuruzika wakati huo huo. Kisha injini inapata moto, chuma kinatanuka, ile pete inakaza, na petroli iliyomwagika inakauka kwa joto na kupeperushwa na feni. Ndiyo maana baada ya dakika tano hakuna harufu. Dereva anasema imepona. Haikupona. Petroli imemwagika juu ya injini ya moto na kwa bahati haikukutana na cheche.

Namna ya kupima ni hii. Motokaa iwe baridi, iwe nje, mahali penye upepo. Fungua boneti. Mtu mmoja afungue swichi mpaka taa ziwake, asizungushe stata. Afunge, afungue tena, mara tatu. Mwingine afuate bomba kwa macho na pua, kutoka mahali linapoingia mpaka kwenye noseli, na chini kwenye filta. Tumia tochi. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima akimulika petroli kwa kibiriti. Sitasema zaidi juu yake. Ukiona unyevu, funga swichi, motokaa isiwashwe. Bomba lisifunguliwe kabla fundi hajaondoa ile nguvu ndani yake, maana petroli itakurukia machoni.

Nitawaambia habari ya dereva mmoja, mwanachama mwenzetu, wa pikapu ya kazi mahali ambapo sitapataja. Pikapu yake ilikuwa inakunywa petroli kupita kiasi, na mkubwa wake akaandika kwamba dereva anaiuza. Wakataka kumkata mshahara miezi mitatu. Dereva alikuwa akisema kila mara kuna harufu asubuhi, lakini kila walipokwenda kuitazama ilikuwa saa nne, injini moto, hakuna kitu. Tulipoitwa tuliomba neno moja tu: pikapu ilale pale pale, na kesho saa kumi na mbili na nusu mkubwa mwenyewe awepo. Swichi ilipofunguliwa mara ya pili, mpira uliokuwa nyuma ya injini, mahali pasipoonekana kwa urahisi, ulitoa petroli kama mtoto anayekojoa. Yule bwana aliona mwenyewe. Mpira ulibadilishwa kabla ya saa sita, na shauri la kukata mshahara likafutwa.

Hapo ndugu zangu mjue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika au kupotea kama mfanyakazi alikosa kwa kusudi. Mpira uliochakaa si kusudi la dereva. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inakutaka umwarifu mkubwa wako mara moja ukiona hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa kukurudisha kwenye hatari ile kabla haijatengenezwa. Lakini maneno ya mdomo hupotea. Andika katika kitabu cha safari: tarehe, saa, "harufu ya petroli wakati wa kuwasha", na jina la uliyemwambia. Yule dereva alikuwa ameandika mara nne, na mkubwa wake aliposema hakuambiwa, kitabu kilimjibu.

Turudi kwenye harufu. Kama bomba ni kavu kabisa lakini injini inawaka kwa taabu, inatoa moshi mweusi, na harufu inatoka nyuma, basi petroli inazidi ndani. Huenda noseli inadondoka usiku. Huenda kile kipima joto cha maji kimekufa, nacho kinaidanganya kompyuta ya motokaa kwamba injini ni baridi siku zote, basi inaongezewa petroli hata mchana wa Voi. Katika magari mengine kuna chombo cha kupunguza nguvu ya petroli chenye kimpira kidogo cha hewa. Ukiking'oa kimpira hicho ukakuta kina petroli ndani, ugonjwa umeuona. Au plagi moja haipigi cheche: itoe, utaikuta imelowa na nyeusi. Taa ya injini ikiwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, usiendelee na safari, maana petroli mbichi inaungulia ndani ya kile chombo cha moshi mpaka kinakuwa chekundu, na ukisimama juu ya majani makavu utayawasha.

Katika hali hizi zote chomoa kile kijiti cha kupimia oili ukinuse. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda kuliko ulivyoiacha wakati hakuna aliyeongeza, basi petroli imeteremka chini. Oili ya namna hiyo ni nyepesi kama maji na itaua bearingi. Tengeneza kosa, kisha mwaga oili yote.

Na harufu ikiwa ndani ya motokaa zaidi ya nje? Mara nyingi ni kifuniko cha tangi kisichokaza, au raba ya pampu iliyo juu ya tangi, ambayo katika magari mengi madogo iko chini ya kiti cha nyuma. Angalia kama harufu hii inakuja siku ya kujaza tangi tu. Pale petroli steshen kijana anapenda kuongeza baada ya pampu kukata mwenyewe, mpaka shingoni. Mwambie aache. Kuna kopo la makaa maalum ambalo kazi yake ni kushika mvuke wa tangi. Likilowa petroli yenyewe limekwisha kazi. Lakini kabla ya hayo yote tazama buti. Nimepata kuona motokaa iliyofunguliwa nusu nzima kumbe jerikani iko nyuma ya gurudumu la akiba.

Wanachama wa karakana, acheni kunawa mikono kwa petroli. Wazee wetu walionawa hivyo walinawa na risasi iliyokuwa ndani yake; hiyo imeondoka katika petroli ya Kenya tangu 2006, lakini benzeni imo bado, nayo huleta saratani ya damu. Wala usivute petroli kwa mdomo na mpira. Ikiteremka kwenye mapafu, tone dogo tu linaweza kukulaza hospitali. Moto ukitokea usimwage maji, yataieneza petroli. Tumia mchanga au kizima moto cha unga, na kama moto uko chini ya boneti usiifungue wazi, maana utauletea hewa.

Bwana Karani ameniambia kuna pikapu mbili uani ambazo zimelala hapa tangu jana na hazijawashwa. Tutafungua swichi sasa hivi. Wenye sigara wabaki huku ndani.