Fundi Yuko Wapi? Ofisi Zetu na Safari ya Kuhamia Linux

Profesa mpya hutakiwa aeleze kazi yake kwa lugha ambayo mama yake ataielewa. Mama yangu amekaa safu ya pili, kwa hiyo leo sina pa kujificha.

Nianze na barua. Kabla sijaja chuoni hapa nilikuwa nafanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa kijana, na programu huria nilikuwa nimezipokea kama mtu aliyeokoka juzi. Nikawashawishi wakubwa tuhamishe kompyuta 40 kutoka Windows kwenda Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Tukaifanya kazi Jumamosi na Jumapili, tukala chipsi mayai sakafuni, tukajipongeza. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia. Alikuwa katibu muhtasi, mama aliyeandika barua za ofisi ile tangu enzi za taipureta.

"Mwanangu, njoo uone. Barua imehama."

Ilikuwa imehama kweli. Nembo ilikuwa imeshuka ikakalia namba ya kumbukumbu. Fonti aliyoizoea haikuwemo kwenye mashine, programu mpya ya kuandikia, LibreOffice, ikaweka nyingine iliyo pana kidogo, na ule upana mdogo ukasukuma kila kitu chini. Jina la mkurugenzi likajikuta ukurasa wa pili, peke yake, kama abiria aliyeachwa na basi Chalinze. Nikamwambia, "Shikamoo mama, hili dogo, fonti tunaziweka dakika tano tu." Nikaziweka. Akaitazama barua iliyonyooka, akanitazama mimi. "Marahaba. Na ukiwa safarini, nimwite nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na mhadhara huu ni taarifa ya nilipofikia.

Uwezo wa Linux si mjadala tena. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa anakiandika kama burudani yake. Leo kiini hicho kimo katika kila simu ya Android ndani ya ukumbi huu, na tangu Novemba 2017 kompyuta 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zote zinaendeshwa nacho. Kilichobaki kubishaniwa ni meza ya katibu muhtasi.

Kiswahili kimetupunguzia kazi moja hapa. Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, amewaeleza Waingereza na Wamarekani kwa miaka mingi kwamba anazungumzia uhuru, wala si bei, kwa sababu lugha yao ina neno moja, free, kwa mambo yote mawili. Sisi tuna huru na tuna bure. Tena bure yetu ina upande wa pili: mtu akihangaika bila kupata kitu, tunasema amehangaika bure. Nimeona miradi ya Linux iliyokuwa bure kwa maana zote mbili.

Sasa tuseme ukweli ambao waraka wa zabuni hauusemi. Ulaya hulinganisha leseni ya kununua na mfumo usio na leseni ya kulipia. Kwetu, kwenye biashara ndogo na kompyuta za nyumbani, mara nyingi ulinganisho ni kati ya Windows iliyochakachuliwa na Linux. Unapeleka laptopu kwa fundi, anakuwekea Windows, Office na kila kitu kwa elfu chache, hakuna risiti, hakuna maswali. Ukimwambia mteja wa namna hiyo kwamba Linux itamwokolea fedha za leseni, atakushangaa, maana hajawahi kulipa leseni. Anachokilipa hakioni: masasisho ya usalama yaliyozimwa ili ule uchakachuaji usigundulike, na programu ya kuvunja ufunguo ambayo hakuna ajuaye imebeba nini tumboni. Wengi wenu mmewahi kuchomeka flashi kwenye kompyuta ya duka la kuprinti, mkafika nyumbani mkakuta folda zote zimegeuka njia za mkato. Flashi hiyohiyo ukiichomeka kwenye Linux, faili zako unaziona zimekaa palepale, na kirusi kinaonekana kama faili tu isiyo na kazi. Niliwavuta watu wengi kwa onyesho hilo kuliko kwa hotuba zote za uhuru wa msimbo.

Kisha kuna mashine zenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Ofisi iliyojaza vyumba kwa kompyuta za mtumba ina mashine nzima ambazo mlango umefungwa usoni mwao. Hapo Linux ina hoja nzito. Kompyuta ya miaka kumi ukiiongezea RAM kidogo na diski ya SSD, inaandika barua na kufungua barua pepe bila kulalamika.

Lakini fundi? Kila mtaa una kijana wa kurekebisha Windows. Wa Linux utamtafuta, na ukimpata yuko benki au kampuni ya simu, analipwa mshahara ambao idara yako haiwezi kuufikia. Printa ikigoma siku ya mitihani, hilo ndilo jambo pekee lenye uzito.

Watu hupenda kunitajia Munich. Mei 2003 baraza la jiji hilo la Ujerumani liliamua kuachana na Windows NT katika kompyuta zipatazo 14,000. Jambo lilikuwa zito kiasi kwamba Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatiza mapumziko yake kwenye theluji akaenda kumwona meya, Christian Ude. Kazi ilikamilika 2013, na jiji likasema limeokoa zaidi ya yuro milioni 10. Mwaka 2017 baraza hilohilo likapiga kura ya kurudi Windows. "Unaona?" wananiambia. Naona, ila naona kingine. Nyaraka kutoka ofisi za nje ziliendelea kuja katika muundo wa Microsoft na kufika zimevurugika. Huduma ya TEHAMA ilikuwa imegawanyika vipande vipande, mtumishi mwenye tatizo akazungushwa. Na meya mpya, Dieter Reiter, hakuwa na mapenzi na mradi aliourithi. Mama yangu wa barua angekuwa na swali lilelile kule. Kisa chenyewe hakikuishia hapo: mwaka 2020 vyama vilivyoshika jiji vilikubaliana tena kuzipa kipaumbele programu huria pale inapowezekana.

Gendarmerie ya Ufaransa, yaani polisi wake wa kijeshi, ilikwenda kinyumenyume, nami naona ndiyo iliyokuwa na akili. Mwaka 2005 waliwaachia askari Windows yao, wakabadilisha programu ya kuandikia tu, wakaweka OpenOffice. Zikafuata Firefox na Thunderbird. Mwaka 2008 ndipo walipoamua kuingia Ubuntu, polepole, kadiri mashine za zamani zilivyokuwa zinastaafishwa, hadi zikafika makumi ya maelfu. Askari alipoondolewa Windows, kila alichokuwa anakibofya kutwa alikuwa ameshakizoea.

Hapa jirani, Eldoret nchini Kenya, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS ulizaliwa kuanzia 2004 kutokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na watafiti wa Indiana, wakati kliniki za VVU zilipozidiwa na makaratasi. Umeenea nchi nyingi, na waliojifunza kuutengeneza walikuwa palepale kliniki inapohudumia wagonjwa. Jambo OpenOffice, iliyozinduliwa Dar es Salaam Desemba 2004 na mradi wa Kilinux, ilitupa menyu za Kiswahili kabla wengi hawajaamini kwamba inawezekana. Tafsiri ya programu, hata hivyo, hudai mtu wa kuipalilia kila toleo jipya linapotoka, na bajeti za miradi hupenda sherehe ya uzinduzi kuliko jembe.

Kwa hiyo mkuu wa idara akiniuliza ahamie au asihamie, namuuliza kwanza atamlipa nani. Fedha aliyookoa kwenye leseni, nusu yake iwe mshahara wa kijana mmoja mwenye namba ya simu inayojulikana, na wa pili wa kumshikia zamu. Kama hayuko tayari, abaki alipo na anunue leseni halali. Halafu atembee meza kwa meza akitafuta ile faili moja ya Excel.

Kila ofisi inayo. Katika ofisi ile yangu ya zamani ilikuwa ya bajeti, imejaa makro zilizoandikwa na mhasibu aliyekwisha kustaafu, na LibreOffice ilipoifungua nusu ya vitufe havikuitika. Tulijaribu wiki mbili kuiandika upya, tukashindwa. Mwishowe tukaacha kompyuta moja ya Windows kwenye kona ya uhasibu, bila intaneti, imefunikwa kitambaa. Nilipita kule mwaka jana. Bado ipo. Huiwasha msimu wa bajeti, na anayeijua nywila yake ni katibu muhtasi.