Mwisho wa Adhabu: Penzi la Kwanza la Shule ya Bweni katika Miswada Yetu ya Filamu

Mada kwa semina ya waandishi wa miswada ya filamu na walimu walezi wa vilabu vya sanaa



Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze maana ya filamu ya kupevuka, nafasi yake katika malezi ya wanafunzi wa bweni, kisha nitoe mapendekezo. Maana haitatuchukulia muda. Filamu ya kupevuka ni hadithi ya kijana anayeuacha utoto huku sisi tukimwona akiuacha. Penzi la kwanza ni mlango mmojawapo wa kutokea. Shule ya bweni imependwa na waandishi duniani kote kwa sababu ina ukuta, kengele, sare na watu wazima wenye funguo. Hadithi ya siri inakuta nyumba imeshajengwa. Wapenzi wa picha za Kihindi mtaikumbuka *Mohabbatein* ya mwaka 2000, ambamo mkuu wa chuo amepiga marufuku mapenzi, na mwishoni yeye ndiye anayekiri kushindwa. Hayo mnayajua, na wengi wenu mmekaa bweni.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa kurasa mbili za mwisho za miswada yetu.

Nimesoma miswada ya vijana kwa miaka mingi. Mswada ukihusu mapenzi ya shuleni, nikifika katikati naweza kuufunga na kusimulia uliobaki. Msichana atapata mimba. Atasimamishwa mstarini mbele ya shule nzima, atafukuzwa, na baba atamtupia begi lake uani. Baada ya hapo atakufa, au atarudi miaka kadhaa baadaye akiwa amekonda, mtoto mgongoni, awaambie wadogo zake wasome kwanza. Mvulana hayupo. Tangu katikati ya hadithi hajaonekana, na hakuna mhusika hata mmoja aliyemuuliza.

Walimu msinielewe vibaya. Simtetei mtu anayemrubuni mwanafunzi. Sheria ya Elimu ya Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na hilo si jambo la kuchezea kwenye filamu. Lakini tuitazame nchi ilivyo leo. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule. Miswada inayoandikwa leo bado inamfukuza msichana moja kwa moja, kana kwamba tangazo lile halijatoka. Mwandishi hajatazama shule ya jirani yake. Ametazama filamu iliyotangulia, nayo ilitazama nyingine iliyoitangulia.

Niwape mfano ninaoujua kwa karibu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia binti mmoja kuandika filamu fupi. Mhusika wake alikuwa dada mkuu, msichana ambaye kila Jumatatu anapita kwenye mistari kukagua kucha na urefu wa sketi za wenzake. Siku moja anapewa barua. Pa kuificha hapana: sanduku linapekuliwa, godoro linageuzwa, madaftari yanakusanywa. Usiku, kwa mwanga wa taa ya kibarazani, anafumua pindo la sketi yake kwa wembe, anaikunja barua mara nyingi hadi inakuwa nyembamba kama utambi, anaishonea ndani ya pindo. Jumatatu mwalimu wa zamu anaamua kuwapima hata viranja. Anapiga goti na rula. Anashika pindo la dada mkuu, vidole vinakuta kitu kigumu. Vinakipapasa mara moja. Mwalimu ananyanyua kichwa, wanatazamana. Kisha anasoma kipimo kwa sauti, anasimama, anakwenda kwa msichana anayefuata. Basi. Filamu ya yule binti iliishia hapo.

Taasisi iliyokuwa inatoa fedha ilisema filamu haina fundisho. Tulijibu kwa maandishi, tukaenda ofisini kwao mara tatu. Tuliambiwa mtazamaji kijana lazima aondoke na ujumbe. Mwishowe tukaongeza onesho la dakika nne: mwalimu amesimama jukwaani, anataja mimba, UKIMWI na ndoto zilizokatika. Nilikuwepo siku filamu ilipooneshwa kwenye shule ya bweni ya wasichana. Waliingia bwaloni na viti vyao kutoka madarasani, kama ilivyo desturi. Mwalimu wa zamu alipopiga goti na rula, bwalo zima lilinyamaza kiasi cha kusikia mvumo wa projekta. Alipotokea yule mwalimu wa jukwaani, wasichana walianza kuinua viti. Hawakuzomea wala kupiga kelele. Waliona tu kwamba filamu imekwisha.

Sijasahau mlio wa miguu ya viti vile kwenye sakafu. Kila ninapoambiwa kwamba wanafunzi wanahitaji fundisho mwishoni, ndio ninaousikia.

Wenzetu wamelishughulikiaje jambo hili? Nitaichukua filamu moja na kuikalia: *Girls Will Be Girls* ya Shuchi Talati wa India, iliyotoka mwaka 2024. Mhusika wake Mira yuko shule kali ya bweni kwenye milima ya Himalaya, na ndiye msichana wa kwanza kuwa kiranja mkuu wa shule hiyo. Anaongoza kiapo cha shule mbele ya wenzake na kuwasimamia wavae sare sawasawa. Anaingia mvulana mgeni, Sri, na Mira anampenda. Mama yake Mira, ambaye amehamia karibu na shule wakati wa kujiandaa na mitihani, anaamua kumkaribisha mvulana nyumbani, hesabu yake ikiwa kwamba mtoto anayeonekana ni rahisi kumchunga. Polepole mama naye anaanza kuyafurahia mazungumzo ya yule kijana, na binti anajikuta anashindana na mamake mezani kwao.

Hapa mtazamaji wa pwani anaona jambo ambalo mtazamaji wa Ulaya hulipita. Wazee wetu hawakumwachia mama kazi hii. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo, kwa sababu kuna maneno ambayo aibu haimruhusu mama kuyasema wala mwana kuyasikia kwa mamake. Mama wa Mira amejifanya mama, somo na askari kwa pamoja, na maumivu ya filamu nzima yanatoka hapo. Mwandishi wa Kitanzania angeweza kuandika hadithi hiyo vizuri sana, maana shule za bweni zimemtoa mtoto nyumbani kwa somo wake bila kumpa mwingine. Matroni ana mabinti mia mbili na funguo za stoo.

Kuna wavulana katika filamu ya Talati wanaowapiga wasichana picha kwa chini wanapopanda ngazi. Mira analipeleka jambo kwa uongozi. Wanaoambiwa wajirekebishe ni wasichana, waangalie sketi zao. Baadaye wavulana wanamwandama Mira mwenyewe, na anayekuja kumtoa ni mama. Hakuna mimba wala kifo, na Mira hafukuzwi. Filamu inaishia kwa mama na binti, na chuki ya jana bado haijakauka kati yao. Kwenye tamasha la Sundance mwaka ule ilipata tuzo ya watazamaji kwa filamu za hadithi za kimataifa, na Preeti Panigrahi, aliyeigiza Mira, akapewa tuzo maalumu ya majaji kwa uigizaji. Tuzo ya kwanza naisisitiza. Hutolewa kwa kura za waliokaa kwenye viti.

Ngazi za shule ya Mira zinanirudisha nyuma hadi Ujerumani, mwaka 1931, kwenye *Mädchen in Uniform* iliyoongozwa na Leontine Sagan, mama ambaye baadaye alifanya kazi ya tamthilia Afrika Kusini na kufia huko. Ni shule ya mabinti wa maafisa wa jeshi mjini Potsdam. Manuela, msichana aliyefiwa na mama, anajikuta moyo wake wote umemwelekea mwalimu mmoja wa kike, na shule inalichukulia hilo kama jinai. Shuleni kuna ngazi kuu ambazo wanafunzi hawaruhusiwi kuzipanda, na Manuela anazipanda ili ajitupe. Katika tamthilia ya Christa Winsloe ambayo ndiyo chimbuko la filamu, anakufa. Katika filamu wenzake wanamwahi. Mkuu wa shule anageuka, anaondoka peke yake na mkongojo wake kupitia korido yenye giza, na nje linasikika tarumbeta la jeshi. Hakuna anayehutubia. Filamu ina zaidi ya miaka 90 sasa na korido ile bado inasema.

La mwisho katika uchambuzi ni la jirani zetu, na nitalisema kwa uangalifu kwa sababu lina upande wa sheria ambao si wa semina hii. Mwaka 2018 *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, na Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Muongozaji alieleza hadharani kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonesha majuto. Nawaomba tuitazame hoja hiyo kama mafundi. Waliotazama filamu kwa macho makali kuliko wote walijua uzito wake uko kwenye kurasa zipi.

Naingia kwenye mapendekezo.

Fundisho lisiwe sharti la kupata fedha za kutengeneza filamu ya vijana. Anayetoa fedha ana haki ya kukataa mswada; asiwe na haki ya kuandika onesho la mwisho.

Mvulana abaki ndani ya hadithi mpaka mwisho. Mswada ukiwa na msichana mjamzito na mvulana asiyejulikana alipo, urudishwe kwa mwandishi kwa swali moja: yuko wapi?

Waandishi wasome sheria na nyaraka zinazotumika sasa, hasa tangazo la Novemba 2021, kabla ya kumfukuza mtu shule. Na waende shule za bweni, wakae na matroni, waone msichana anavyorudi darasani. Hadithi ya anayerudi haijaandikwa, na ndiyo hadithi ya leo.

Walimu walezi wakionesha filamu wasisimame mbele kueleza ilimaanisha nini. Wawaache wanafunzi wabebe viti vyao wakaendelee kuizungumza bwenini. Kama kuna jambo la sheria au la afya la kufundishwa, na lipo, lipewe kipindi chake na mwalimu wake siku nyingine. 

Makungwi na masomo waitwe kwenye semina zetu. Wao wamewapevusha watoto kabla ya sisi kuwa na kamera.

Anayesoma mswada kwa niaba ya taasisi yoyote aandike kwa jina lake sababu za kutaka mwisho ubadilishwe. Nimewahi kupewa maelekezo ya aina hiyo kwa simu mara nyingi, na hakuna aliyekubali kuyaandika.

Fundisho lisiwe sharti. Najua nimeanza nalo.

Kwa zoezi la mchana, nimewaomba waandaaji wagawe miswada yenu yote bila kurasa mbili za mwisho. Kila mmoja atasoma wa mwenzake na kuandika pembeni mahali ambapo kwake filamu imekwisha. Kurasa zilizotolewa ninazo kwenye bahasha, zimeandikwa majina. Zitakuwa kwenye meza ya mbele hadi saa kumi, kwa mwandishi atakayezihitaji.