Waifai ya Nyumbani na Funguo Zake Mbili

Leo tutazungumza juu ya waifai ya nyumbani: namna ya kuiweka isizorote, na namna ya kuifunga ili asiyehusika asiingie. Mwenye kalamu na karatasi akae navyo karibu, maana yapo mambo machache ya kuandika.

Kwanza tuelewe jinsi mambo yalivyo. Intaneti hufika nyumbani kwako kwa njia moja, na huenea ndani ya nyumba kwa njia nyingine. Hufika kwa waya, au kwa laini ya simu kutoka mnarani. Hapo hupokewa na kisanduku chenye taa tunachokiita ruta. Ruta huisambaza nyumbani kwa mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayoichukua sauti yangu, ila yale ni mafupi mno na nguvu yake ni ndogo. Mawimbi hayo ndiyo waifai.

Kwa nini nazitenga njia hizi mbili? Kwa sababu dawa ya moja si dawa ya nyingine. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Wakati ule, hata mtu angehamisha ruta yake vyumba vyote vya nyumba, asingepata faida yo yote.

Basi intaneti ikizorota, fanya jaribio hili. Waombe wenzako waache kutazama sinema kwa muda. Kisha chukua simu yako, usimame hatua mbili kutoka kwenye ruta. Ikienda vizuri hapo, lakini chumbani inakwama, ugonjwa umo katika mawimbi ya nyumba yako. Ikikwama hata hapo, zima ruta, ngoja kidogo, uiwashe tena. Isipopona, ipigie simu kampuni inayokuuzia intaneti.

Sasa, ruta ikae wapi? Ikae mahali pa juu, karibu na katikati ya nyumba, pasipo kizuizi. Watu wengi huificha nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la chuma ili isionekane. Kufanya hivyo ni kuiziba mdomo. Bati na vioo vya kujitazamia huyarudisha mawimbi, tangi la maji huyameza, na kuta nene za mawe, kama zile za nyumba za kale za Unguja na Lamu, huyadhoofisha sana.

Tena, ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hugongana na ya majirani, hata na ya jiko la maikrowevu. Ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi, lakini huchoka upesi yakutanapo na ukuta. Ukiwa karibu na ruta tumia ya 5. Ukiwa mbali tumia ya 2.4.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la leo. Mawimbi hayajui mpaka wa kiwanja chako. Hutoka dirishani, huvuka ua, huingia kwa jirani na barabarani. Huwezi kuyazuia kutoka. Unaloweza ni kuyafunga kwa ufunguo. Na ruta ina funguo mbili, ingawa watu wengi wanaujua mmoja tu.

Ufunguo wa kwanza ni neno la siri la waifai, lile mnalowapa wageni. Ufunguo wa pili ni neno la siri la ruta yenyewe, ambalo hukuwezesha kuingia ndani yake na kubadili mipango yake. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na neno rahisi la aina hii ya pili, na ruta za namna moja huweza kuwa na neno lile lile dunia nzima. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka katika intaneti ikijaribu maneno ya kiwandani yapatayo 60 tu. Kwa maneno hayo machache iliteka kamera na ruta kwa maelfu na maelfu, na mwezi wa Oktoba mwaka ule zikatumiwa kuziangusha tovuti kubwa za Marekani. Wenye vyombo hivyo hawakujua lo lote.

Pengine utasema, "Mimi nina nini cha kuibiwa?" Fikiri. Mwenye ufunguo wa pili aweza kuiamuru ruta ikupeleke kwenye ukurasa wa uongo unaofanana na ule wa benki yako, nawe ukaandika siri zako humo. Na mtu akitumia waifai yako kumtapeli mwingine, laini imeandikishwa kwa jina lako. Hodi ya kwanza itapigwa kwako.

Basi andikeni hatua hizi.

Moja: geuza ruta chini juu. Utaona kibandiko chenye anwani ya tarakimu, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Simu yako ikiwa kwenye waifai hiyo, andika anwani hiyo pale unapofungulia tovuti, kisha uingie kwa jina na neno la kibandikoni.

Mbili: badili neno la siri la ruta.

Tatu: badili neno la waifai, nalo liwe refu. Sababu ni hii: mwizi aweza kunasa mawimbi wakati simu yako inapobisha hodi kwa ruta, akaenda nayo kwake, akaiacha kompyuta ibahatishe maneno kwa mamilioni. Jina la mtoto au namba ya simu haichukui muda kupatikana. Maneno manne yasiyohusiana ni bora, kwa mfano tembo, sufuria, jumatano, kisima. Lakini msitumie haya, maana yamekwisha kusikika redioni!

Nne: katika aina ya ulinzi, chagua WPA3, na kama haipo, WPA2. Usichague WEP, kufuli hilo lilivunjwa tangu 2001. Tena zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa namba fupi.

Tano: ruhusu ruta ijipatie marekebisho mapya ya programu yake.

Sita: kama ruta yako inaweza, fungua mtandao wa wageni wenye neno lake. Kumnyima mgeni si desturi yetu. Lakini kumkaribisha sebuleni si kumpa ufunguo wa sanduku la chumbani.

Ukimaliza, simu zote za nyumbani zitakatika mpaka ziandikiwe neno jipya. Msishtuke. Na yule aliyekuwa akitumia bila ruhusa atakatika pia, naye hatarudi.

Yaandike maneno yote mawili katika daftari, uliweke ndani. Mwizi wa mawimbi yupo nje. Daftari la kabatini halioni.

Kabla hatujaagana, jadilianeni maswali haya katika vikundi vyenu. Kwanza, utajuaje kama intaneti imezorota ndani ya nyumba au nje? Pili, funguo mbili za ruta zina kazi gani? Tatu, ruta ya nyumbani kwako imekaa wapi, na yafaa ihamishiwe wapi?