Jina Letu na Ushindi Wetu katika Kristu

Hotuba ya mwalimu wa dini mbele ya waamini wa parokia, siku kuu ya Yubilei



Siku za Yubilei ni siku za kuhesabu. Tumewahesabu mapadri waliotuchunga, walimu wa dini waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, na ndoa zilizobarikiwa mbele ya altare hii. Hesabu hizo ni njema, maana asiyehesabu mema aliyotendewa hujifunza kunung’unika. Lakini baada ya kuhesabu vitu na watu, inafaa tujiulize: Sisi tuliobatizwa hapa ni nani? Na tunapoimba kwamba Kristu ameshinda, ushindi huo unaonekana wapi katika maisha yetu?

Ili kujibu, nawaomba tufungue kwa mawazo kitabu ambacho kila parokia inakitunza katika kabati ya ofisi: kitabu cha ubatizo.

Ndani ya kitabu hicho kila mtu ana nafasi yake: jina lake, wazazi wake, msimamizi wake, siku yake, na sahihi ya mhudumu. Tajiri hakupewa nafasi mbili, wala maskini hakunyimwa ya kwake. Hakuna ukurasa wa kabila hili na ukurasa wa kabila lile. Mtoto wa chifu anamfuata mtoto wa mvuvi, kwa sababu ndivyo walivyofikishwa penye maji siku ile. Tena wengi wetu tulifika hapo tukiwa tumebebwa mikononi. Hatukuwa tumetenda jambo lolote la kusifiwa. Ndiyo maana twasema kwamba ukristu ni zawadi kabla ya kuwa wajibu. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba katika ubatizo tulizikwa pamoja na Kristu, tupate kuishi pamoja naye maisha mapya. Hilo limekwisha kutendeka. Hatupiganii kuwa wana wa Mungu. Tunapigana kwa sababu tumekwisha kuwa wana.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka wa 1972. Nchi ilikuwa imeitwa Zaire tangu Oktoba 1971, na serikali ya Rais Mobutu iliamuru raia waache majina ya kigeni, wachukue majina ya mababu. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kadinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipopinga jambo hilo alilazimika kuondoka nchini, akakaa Roma miezi kadhaa. Wengi waliogopa wakisema: Sasa wanatunyang’anya ukristu wetu.

Leo, tukitazama nyuma, tunaona mambo mawili. La kwanza: amri ya serikali yaweza kubadili kitambulisho, lakini haifiki mahali ambapo maji ya ubatizo yamefika. Wakristu waliamka asubuhi na majina mengine, wakaenda Misa ile ile, wakapiga magoti mbele ya Ekaristi ile ile. La pili ni la kutushangaza zaidi. Katika miaka ile wengine walidhani kwamba jina la mababu ni jina la kipagani, lisilostahili kutajwa kanisani. Lakini tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Sista Anuarite Nengapeta kuwa Mwenye Heri. Tarehe 24 Aprili 1994 akamtangaza Isidore Bakanja. Tangu siku hizo majina Anuarite na Bakanja yanatajwa altareni, na wazazi wanawaita watoto wao hivyo wakiomba ulinzi wa mbinguni. Basi tujifunze: si jina linalomfanya mtu kuwa mtakatifu. Mtu akishikamana na Kristu mpaka mwisho, neema ya Mungu hulitakasa hata jina lake.

Sasa tuje kwenye ushindi. Neno hili siku hizi linasikika sana, barabarani na redioni. Wahubiri wengine wanatangaza kwamba mkristu mshindi ni yule aliyepata gari, au mchumba, au safari ya Ulaya, na kwamba anayebaki maskini au mgonjwa amekosa imani. Sipendi kuwadharau ndugu zetu, maana wengi wanamtafuta Mungu kwa moyo. Lakini fundisho hilo linamtwika mgonjwa mizigo miwili: maumivu ya mwili, na haya ya kuambiwa kwamba Mungu hamjui. Tutazame msalaba. Bwana wetu alikufa bila nguo, bila nyumba, bila askari wa kumwokoa, na saa ile ile aliwaombea msamaha waliompigilia misumari. Adui alitaka kumfanya achukie, naye hakuchukia. Alitaka kumfanya amwache Baba, naye hakumwacha. Hapo ndipo kifo kilipovunjwa nguvu, na asubuhi ya Pasaka ililionyesha jambo hilo wazi. Ushindi wa mkristu, basi, ni kubaki mwana wa Mungu mahali ambapo kila kitu kinamvuta aache kuwa mwana.

Nchi yetu haikukosa mashahidi wa ushindi huo.

Isidore Bakanja alikuwa mlei kama wengi wetu hapa, kijana mwashi aliyebatizwa huko Mbandaka mwaka wa 1906. Alipokwenda kufanya kazi katika shamba la Wazungu, aliamriwa aivue skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa shingoni. Hakuivua. Mwaka wa 1909 alichapwa fimbo mpaka mgongo wake ukawa kidonda kimoja, akateseka miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti huku akisema kwamba amemsamehe aliyemchapa na kwamba atamwombea.

Sista Anuarite aliuawa huko Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake. Naye alimsamehe aliyemwua. Siku chache kabla yake, tarehe 28 Novemba, wamisionari watatu wa Kizaveri na Abbé Albert Joubert waliuawa huko Baraka na Fizi. Kanisa liliwatangaza kuwa Wenye Heri mjini Uvira, tarehe 18 Agosti 2024.

Na mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya zamani. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka wa 1981. Alisoma, akapata kazi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Watu walimpa feza ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite na kuuzwa sokoni. Alikataa, kwa kuwa aliwafikiria wale ambao wangevila. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Hakuuawa akihubiri, aliuawa kwa ajili ya kazi aliyoifanya kwa uaminifu. Kumbe ofisi, mpaka na ghala vyaweza kuwa mahali pa ushahidi, kama altare.

Ndugu zangu, si wote tutakaodaiwa damu. Lakini kila mbatizwa anadaiwa jibu. Siku ya ubatizo tuliulizwa kama tunamkataa Shetani na kazi zake, na kama hatukujua kusema, wazazi na wasimamizi walijibu kwa ajili yetu. Shetani haji kwetu na pembe kichwani. Anatufikia kwa njia tunazozijua.

Kwanza, anakuja kwa matabishi. Mwalimu anaomba kitu ili mtoto afaulu. Muuguzi anaomba kitu kabla ya kumgusa mgonjwa. Nasi tunasema: Ndiyo desturi ya nchi. Mkristu aliyekataa kutoa na kupokea, hata akichekwa, ameshinda siku hiyo.

Pili, anakuja nyakati za kilio. Mtoto amekufa, na kabla machozi hayajakauka tumekwisha kumtafuta mchawi. Mara nyingi tunampata mama mzee, mjane, asiye na mtu wa kumtetea. Tunamfukuza, tena wengine wanamwinulia mawe, na Jumapili tunakwenda Misa. Ndugu, nani ametufundisha hivyo? Katika ubatizo tulitangaza kwamba Kristu ni Bwana wa walio hai na wafu. Anayemwogopa mchawi kuliko anavyomwamini Kristu amejirudisha utumwani kwa miguu yake mwenyewe. Wazee wa mashirika, nawasihi: neno hilo likianza kunong’onwa, msingoje asubuhi. Nendeni usiku huo huo mkakae katika nyumba ya mama huyo.

Tatu, anakuja kwa njia ya kabila. Vita vya miaka mingi vimetuachia makaburi, wakimbizi na yatima. Uchungu wake ni wa kweli, na sithubutu kumwambia aliyempoteza mwanawe asahau. Haki inadaiwa, na Kanisa halitaacha kuidai. Lakini chuki inataka kitu kingine: inataka tufungue kitabu cha ubatizo na kuchana kurasa zenye majina ya wengine. Siku tutakapofanya hivyo, tutakuta kwamba tumechana na ukurasa wetu, kwa sababu yameandikwa pamoja.

Labda mtu atasema moyoni: Mwalimu, mimi nimekwisha kushindwa, nimetoa matabishi, nimechukia, nimenyamaza mzee akifukuzwa. Ndugu, Kanisa linajua habari hizo, na ndiyo sababu Bwana alituachia Sakramenti ya Kitubio. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja, na Bwana hakuchagua Petro mwingine. Askari aliyeanguka hajashindwa bado. Ameshindwa yule aliyekubali kulala pale alipoanguka.

Namaliza kwa kuomba jambo moja dogo. Wengi wetu tunajua siku tuliyozaliwa, lakini hatujui siku tuliyobatizwa. Katika mwaka huu wa Yubilei, kila mtu aende ofisini aulize tarehe yake, aiandike nyumbani mahali pa kuonekana, na kila mwaka siku hiyo aungame, apokee Komunyo, na apatane na mtu mmoja aliyekosana naye. Tukifanya hivyo, watakaohesabu katika Yubilei ijayo watakuta zaidi ya matofali na mabati: watakuta taifa la Mungu lililokataa kuliacha jina lake.

Mwenye Heri Anuarite, Mwenye Heri Isidore na Mwenye Heri Floribert watuombee. Mama Maria, Malkia wa Mashahidi, atufunike kwa joho lake. Nanyi, Mapadri wetu, mtubariki.