Masurufu Yanapokatika
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka, Uthiru)



Katika mwaka huu wamefika mezani petu akina mama wenye shida moja. Mahakama iliamuru mume wa zamani alipe masurufu kila mwezi. Akalipa miezi mitatu, kisha kimya. Majirani huwashauri wakafungue kesi mpya. Sivyo. Kesi imekwisha kuamuliwa; lililobaki ni kutekeleza amri, na ombi hilo hupelekwa katika faili ile ile, mahakama ile ile, iwe Milimani au Kikuyu.

Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 chaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mwanandoa amtunze mwenziwe. (Wazee, msicheke: hata mume aweza kutunzwa na mke kwa amri.) Malipo yakikatika, malimbikizo hudaiwa kama madeni mengine. Mdaiwa akiwa ameajiriwa, mshahara wake waweza kushikwa, walakini thuluthi mbili haziguswi. Dalali wa mahakama aweza kukamata mali, ila si vyombo vya kupikia, matandiko, wala zana za lazima za kazi. Baada ya hayo mdaiwa aweza kuitwa aeleze kwa nini asifungwe.

Hapo ndipo wengi hukimbilia, na hapo ndipo twaomba mtusikilize. Kifungo cha madai hakizidi miezi 6, wala hakifuti deni. Tena aliyeomba mwenziwe afungwe ndiye atoaye posho ya chakula chake gerezani! Mama aliyekosa unga atamlishaje mfungwa? Kwa maoni yetu, abishe kwanza mlango wa mshahara.

Na ninyi mnaodaiwa, kwa maana mmo humu: aliyepoteza kazi hana ruhusa ya kunyamaza. Yampasa arudi mahakamani mapema aombe kiasi kipunguzwe.

Tunzeni nakala ya amri na kila ujumbe wa M-Pesa. Mama mmoja alikubali mbele ya wazee asamehe nusu ya deni ili alipwe nusu iliyobaki upesi. Hapakuandikwa neno. Nusu ile hajaiona hata leo, na mume asema mambo yalikwisha nyumbani. Kwa hiyo twawaomba wazee, mkipatanisha watu wenye amri ya mahakama, mwiteni karani aandike, pande zote zitie sahihi, na karatasi ipelekwe katika faili. Kazi hiyo tutaifanya bila malipo, kila Jumamosi asubuhi.