Kuchanga Karata za Mwanzo

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa. Msemaji ni mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, naye ni afisa mipango katika halmashauri moja ya Mkoa wa Geita.)



Kamati iliniandikia nije kusema juu ya kupanga mipango ya maisha. Niliandika kurasa sita. Nilipomsomea mpwa wangu, ambaye yumo humu ukumbini katika kidato cha sita, alisikiliza kurasa mbili, kisha akasema, "Mjomba, watalala." Ndipo akanishauri niwaeleze habari za karata na aibu iliyonipata kwa ajili yake. Kurasa sita nimeziacha nyumbani.

Walimu wasishtuke. Karata ninazozisema si zile 52 za shupaza na kopa tulizokuwa tukizificha chini ya magodoro bwenini. Ni mchezo uitwao Magic: The Gathering, uliotungwa na Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, ukaanza kuuzwa mwaka 1993 kwa karata za karatasi. Tangu mwaka 2019 umetolewa rasmi katika kompyuta kwa jina la Magic: The Gathering Arena, na mwaka 2021 ukaingia katika simu. Huchezwa kwa intaneti, na mpinzani wako huenda ameketi Brazil au Japani.

Tofauti yake na karata tuzijuazo ni hii. Katika karata zetu sote tunagawiwa kutoka fungu moja, na aliyepata turufu amepata. Huku kila mtu huja na fungu lake alilolichanga mwenyewe, karata zisizopungua 60, akizichagua kutoka maelfu. Karata ya jina moja haziruhusiwi kuzidi nne, isipokuwa ardhi za msingi. Kwa hiyo nusu ya mchezo imekwisha kuchezwa kabla hamjakutana.

Ardhi ndiyo mtaji. Kila zamu unaweza kuweka chini ardhi moja, na kila ardhi hukupa nguvu ya kulipia karata nyingine: kiumbe wa kupigana, moto wa kurusha, dawa ya kujiponya. Rangi ziko tano. Milima ni nyekundu, misitu ni kijani, visiwa buluu, vinamasi nyeusi, na nyanda nyeupe. (Sisi wa Shinyanga nadhani ni watu wa nyeupe.) Kila mchezaji huanza na uhai 20, na anayefika sifuri ameshindwa.

Fedha ya mchezo huo nayo ni ya aina mbili. Ya kwanza inaitwa dhahabu, ambayo huipata kwa kucheza: kazi ya kila siku hulipa dhahabu 500 au 750, na pakiti moja ya karata huuzwa kwa dhahabu 1,000. Ya pili inaitwa vito, na mwenye haraka huvinunua kwa fedha halisi. Mnacheka. Basi na mimi nilistahili kuchekwa, mtu aliyezaliwa kati ya Mwadui na Geita, kununua vito kutoka Marekani kwa mshahara wa halmashauri!

Sasa sikilizeni kosa langu. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, anakaa kwangu akingoja kupangiwa shule. Mama yake, dada yangu, anauza chakula Katoro. Alinitumia shilingi 240,000 nimtunzie, fedha ya godoro, sare, ndoo na mahitaji mengine ya kidato cha tano, kwa sababu aliogopa zikikaa kwake zitageuka mchele na mafuta ya kupikia. Wakati huo mimi na kijana tulikuwa tumeanza kucheza jioni, mimi kwenye kompyuta yangu, yeye kwenye simu yangu ya zamani. Mchezo wenyewe hauna kiingilio, na mgeni hupewa mafungu ya kuanzia bila malipo. Lakini nilikuwa nimemwona mpinzani mmoja akishusha joka kubwa, likanimaliza kwa zamu mbili. Nikataka joka.

Joka haliuzwi peke yake. Linauzwa ndani ya pakiti, na pakiti huijui mpaka uifungue. Waliokulia Nyarugusu au Lwamgasa wanaijua biashara hii. Kiroba cha mawe kinatoka duarani, unakinunua kabla hakijapita kwenye karasha, na mwenye kukuuzia anakuonyesha jiwe moja lenye mng'ao. Lakini mnunuzi wa mawe ni mwerevu kuliko nilivyokuwa mimi. Yeye huponda jiwe dogo na kulipima kwanza. Na hata akikosa gramu alizotarajia, anabaki na marudio, nayo yana wateja wake. Huku marudio hayana mteja. Karata ya Arena huwezi kumwuzia mtu, wala kubadilishana na mwenzako, wala kumrithisha mtoto.

Nilifungua pakiti kwa siku nne. Siku ya kwanza nilitumia fedha yangu. Siku tatu zilizofuata nilitumia ya dada, nikijiambia kwamba mwisho wa mwezi nitarudisha. Ndugu zangu, sisi watumishi wa umma tuna jina la kitendo hicho, nanyi mnalijua. Shilingi 160,000 zilikwenda. Joka nilipata moja. Nikachanga fungu la rangi tatu lenye joka, malaika wawili, na kila kilichong'aa, nikamwita kijana tucheze.

Alinishinda mara saba katika michezo minane.

Yeye hakuwa amenunua kitu. Alichukua fungu jekundu la bure, akakaa nalo na daftari la hisabati. Nawaeleza alivyofanya, maana hapa ndipo penye ujuzi, na anayetaka kuanza mchezo huu anaweza kufuata njia hiyo hiyo.

Kwanza alikataa rangi ya pili. Fungu la rangi tatu linapendeza kulitazama, lakini unashika mlima mkononi huku karata yako inadai kinamasi, na zamu inapita. Hivyo ndivyo nilivyopoteza michezo mingi: mkono umejaa wakubwa, hakuna wa kuwalipa.

Pili alihesabu ardhi. Watu wengi huweka 24 katika 60. Mkono wa kwanza ni karata saba, basi zidisha 7 kwa 24, gawanya kwa 60, utapata wastani wa ardhi 2.8. Hiyo inafaa kwa fungu la kawaida. Yeye kwa kuwa alikusudia karata za bei ndogo, akashuka hadi 22, akabaki na nafasi 38. Humo akaweka viumbe 28 na karata 10 za moto. Karibu zote zililipiwa kwa ardhi moja, mbili au tatu. Zamu ya kwanza anashusha kitu, ya pili kitu, ya tatu kitu. Joka langu lilidai ardhi sita. Kufikia ardhi ya sita nilikuwa nimekwisha kuzikwa.

Tatu, na hili vijana wa hisabati mlikague wenyewe, alichukua karata chache nzuri akaweka nne nne, badala ya moja moja za kila aina. Ukiwa na nakala moja katika 60, nafasi ya kuikuta katika mkono wa kwanza ni 7 kwa 60, kama 12 katika 100. Ukiwa na nakala nne, inakaribia 40 katika 100. Mimi nilikuwa na fungu la mambo makubwa yanayotokea mara moja moja. Yeye alikuwa na mambo madogo yanayotokea kila siku.

Nne ni subira. Ndani ya pakiti, hata zile za kupewa, mara nyingine hutoka karata tupu ya kubadilishia, ambayo unaigeuza kuwa karata yoyote ya daraja lake. Hiyo ndiyo mali hasa ya anayeanza, kwa kuwa haina bahati ndani yake. Mimi zangu nilizigeuza usiku ule ule. Yeye hakuzigusa kwa wiki tatu. Alicheza michezo kumi, akaandika katika daftari alishindwa kwa nini: ardhi chache, ardhi nyingi mno, kiumbe fulani hakufanya lolote. Ndipo akabadilisha karata mbili. Akacheza kumi tena. Nimekaa na vitabu vya bajeti tangu nilipotoka Mlimani, na sijaona tathmini ya mradi iliyofanywa kwa uaminifu kama lile daftari.

Barua ya shule ilitoka kabla ya mshahara. Nilipanda gari hadi Katoro kumwambia dada ana kwa ana. Alikuwa anakoroga ugali, hakuacha mwiko. Akauliza, "Hizo karata ziko wapi nizione?" Nikasema ziko ndani ya kompyuta. "Kwa hiyo hazishikiki?" Nikasema hazishikiki. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu atalalia nini, kaka?"

Godoro alilinunua yeye, kwa fedha ya kuku aliokuwa akiwafuga kwa ajili ya Krismasi. Nilimrudishia zote kwa mishahara miwili, na kuku juu yake. Amezipokea. Fedha nyingine kunipa nimtunzie, hajanipa mpaka leo.

Mwalimu Mkuu ameniruhusu kuja na kompyuta, na baada ya chakula mimi na mpwa wangu tutacheza maktabani, atakayependa aje atazame. Sasa na mimi nina fungu jekundu la rangi moja, lenye ardhi 22. Kijana aliniagiza juzi nisibadilishe hata karata moja mpaka nimalize michezo kumi. Nimecheza sita, na nimebadilisha mbili.